Sensa ya Kina Sijamini

Mwaka ule wa sensa nilipewa kizibao,
kishikwambi chenye ufa pembeni,
na kaya mia na arubaini za Wingwi.
Nikahesabu watu, vyoo, mbuzi,
mabati na makuti,
nani kalala wapi usiku wa kuamkia hesabu.
Jioni ya pili nikafika kwetu.

"Jina la mkuu wa kaya?"
Baba akanitazama.
"Wee Mize, hulijui?"
Nalijua. Lakini lazima aliseme mwenyewe.
"Shaame Sijamini."
Nikabonyeza. Chombo kikauliza: Je, una uhakika?

Tukacheka, hata mama jikoni,
aliyeishi na jina hili miaka thelathini
bila kulivaa.

Asili yake ni hii.
Bibi Kazija, mama yake babu, alikuwa kashazaa mara tatu.
Hamadi aliishi siku tisa.
Khatibu akajua kukaa, hakujua kusimama.
Msichana hakungoja jina.
Wa nne alipolia, mkunga akauliza, wembe bado mkononi,
tumwite nani huyu?
Naye akageukia ukutani:
Watatu nimewazika, wa nne sijaamini.

Nimeihesabu kauli ile kwa vidole.
Nane kwa nane.
Hakuwa malenga. Alikuwa na uchungu tu,
na uchungu mara nyengine hutimiza mizani
bila kufundishwa.

Tena hakusema siamini.
Alisema sijaamini.
Hiyo "ja" ya katikati ni mlango uliorudishwa,
haukutiwa komeo.
Mkunga akaliokota neno akalifanya jina.
Miaka baadaye karani wa karafuu,
kwenye daftari la mizani ile nyengine,
akaiangusha "a" moja:
Sijamini wa Wingwi, frasila mbili na nusu.
Hakuna aliyerudi kuiokota.

Chuoni maalim hakupendezwa.
"Huamini nini, mwana weye? Mungu? Mtume?
Kamwambie mamako nimekubadilisha. Wewe ni Amini."
Bibi akaja mbio, unga bado vidoleni.
"Maalim, huyo Amini nitamzaa mwakani.
Huyu mwachie lake. Ndilo lililomficha."

Na hesabu yenyewe,
niliyoikusanya nje ya kazi nyuma ya kadi ya kliniki:
Wingwi, tisa, wanawake sita.
Wete mmoja, fundi cherehani.
Maskati wawili, ambako watu hulidhani ni jina la mji.
Tanga mmoja, kalifupisha, anajiandika S.
Jumla kumi na tatu.

Kwetu jina halikai. Hupanda ngazi likatoka:
lako, la babako, la babuyo, kisha mlango.
Binti wa kaka yangu ni Salha Faki Shaame.
Sijamini hayumo.
Wangu, nikijaaliwa, watabeba ya kwa baba yao.
Miaka sitini, pengine sabini,
litabaki kwenye daftari la karafuu,
na daftari nimeliona, mchwa wameshafika herufi ya M.

Amini, kwa habari yenu, alizaliwa kweli mwakani.
Akaishi, akaoa wanne, akazaa kama anayelipa deni.
Wajukuu zake wamejaa hadi Chake.
Nilianza kuwahesabu, nikachoka kabla ya Ole.

Mke wa Faki ana mimba ya miezi saba.
Kwenye kadi ile, chini ya kumi na tatu,
nimeacha mstari mtupu,
mrefu kidogo,
wa kutosha herufi tisa na ile iliyoanguka.
Sijamwambia mtu.